Pa Kumwaga Kabla ya Pa Kulala: Vituo vya Usiku vya Magari-nyumba



Nianze na jina, maana chombo chenyewe bado hatujakipa jina tulilokubaliana. Wapo wanaosema karavani, lakini karavani hasa ni tela, huvutwa na gari lingine. Wapo wanaosema gari la watalii, na hapo inaingia hata Land Cruiser ya mbugani. Ninalozungumzia leo ni gari lenye injini yake, na ndani mna kitanda, jiko la gesi, sinki, bafu dogo na choo. Mwenyewe huliendesha mchana na usiku hulala humo humo. Nitaliita gari-nyumba, na mwenye jina zuri zaidi atanisahihisha wakati wa maswali.

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze "huduma za malazi" kwa wasafiri hawa. Neno malazi limenipa taabu kidogo. Msafiri wa gari-nyumba hana shida ya malazi: kitanda anacho, shuka anazo, na mto ameutoa kwao. Anachotafuta ni vitu vitatu: mahali tambarare pa kuegesha usiku bila kugongewa dirisha saa nane, maji safi ya kujaza tangi, na pa kumwaga maji machafu. Hicho cha tatu ndicho kinachosahauliwa katika mipango mingi niliyopata kuiona, nacho ndicho nitakachokaa nacho zaidi. Mtanisamehe tukifika saa ya chai bado tunazungumzia choo.

Gari-nyumba la watu wawili hubeba maji safi kiasi cha lita 100 hivi. Yakishatumika, hugawanyika njia mbili. Ya sinki na bafu hushuka kwenye tangi lililofungwa chini ya sakafu, nalo lina koki yake ya kufungulia. Ya choo hayaendi huko. Huingia kwenye kaseti, yaani kisanduku cha plastiki kisichozidi sana lita 20, kinachochomolewa kupitia kijimlango ubavuni mwa gari. Watu wawili hukijaza kwa siku mbili au tatu. Basi siku ya tatu mheshimiwa huyo, awe profesa mstaafu au daktari wa meno, anasimama kando ya barabara na mzigo wake mkononi, akiangaza macho kulia na kushoto. Sera yote ya vituo vya usiku inaanzia kwenye dakika hiyo. Mji uliomwandalia shimo atalitumia. Katika mji usiomwandalia atatafuta mfereji.

Nchi iliyolielewa hili mapema ni Ufaransa, nami nitaichukua kama mfano mkuu. Ina komuni karibu 35,000, nyingi zikiwa vijiji na miji midogo, na kila moja ina meya mwenye madaraka juu ya maegesho katika eneo lake. Gari-nyumba mbele ya sheria zao za barabarani ni gari tu, na gari lina haki ya kuegeshwa. Waraka wa serikali wa mwaka 2004 uliwakumbusha mameya jambo hilo: unaweza kuzuia mtaa fulani, au saa fulani, kwa sababu unayoweza kuieleza, lakini huwezi kuyafukuza magari-nyumba katika komuni nzima kwa kuwa tu huyapendi. Kwa upande wa pili, gari likikaa mahali pamoja katika njia ya umma zaidi ya siku saba mfululizo linahesabika kuwa limepitiliza, na linaweza kuondolewa.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo nawaomba maafisa mipango waishike sana: kuegesha si kupiga kambi. Mtu aliyelala ndani ya gari lililofungwa ameegesha. Akitoa viti, akakunjua kivuli cha turubai na kuwasha jiko la mkaa nje, amepiga kambi, na kambi ina sheria zake za ardhi na afya. Waitalia wameliandika jambo hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu. Kifungu cha 185 cha sheria yao ya barabarani ya mwaka 1992 kinasema gari-nyumba haliwi kambi maadamu linagusa ardhi kwa magurudumu tu, halitoi majimaji wala moshi wake isipokuwa wa injini, na halichukui nafasi ya barabara kuliko ukubwa wa gari lenyewe. Askari wa kawaida anaweza kusimama kando na kuhakiki masharti hayo matatu kwa macho, bila kumuuliza mtu kama amelala au yuko macho.

Turudi Ufaransa. Kituo chao cha usiku wanakiita *aire*, na ukikifikia unaweza kudhani umepotea njia. Ni kipande cha lami au kokoto nyuma ya uwanja wa michezo, karibu na makaburi, au kando ya ghala la zamani la reli. Pembeni imesimama nguzo ya chuma yenye kimo cha mtu. Unatia sarafu, au kidude cha chuma ulichokinunua kwa mwoka mikate au ofisi ya utalii, na nguzo inakupa maji kwa dakika kadhaa, pengine na umeme. Chini yake kuna sakafu ya zege yenye mteremko na wavu katikati: unaleta gari juu ya wavu, unafungua koki, maji ya sinki yanashuka. Ubavuni mwa nguzo kuna tundu la kumwagia kaseti, na bomba lake la kusukutulia, lililotengwa na lile la maji ya kunywa. Hakuna mapokezi wala mlinzi wala bustani. Baadhi ya komuni hazitozi chochote kwa kulala. Nyingine hutoza euro chache.

Hicho kidude cha kununua kwa mwoka mikate kimenifurahisha kuliko teknolojia yote iliyofuata. Meya amemlazimisha mgeni atembee hadi dukani, na aliyeingia dukani saa moja asubuhi penye harufu ya mkate hatoki mikono mitupu. Siku hizi vituo vingi vina mashine za kadi za benki, na msafiri anaweza kufika, kumwaga, kulala na kuondoka bila kumsalimia mwanakijiji hata mmoja. Hayo mimi siyaoni kuwa maendeleo matupu.

Zimeibuka pia njia nyingine mbili. Ya kwanza ni France Passion, mtandao ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambamo wakulima wa zabibu, watengenezaji wa jibini na wafugaji huwakaribisha wenye magari-nyumba kwenye mashamba yao kwa saa 24 bila malipo. Mgeni halazimishwi kununua chochote, ila gari lake lazima liwe na choo chake na matangi yake, kwani mwenyeji hatoi huduma hizo. Ya pili ni ya kibiashara. Kampuni ya Camping-Car Park, iliyoanzia mji wa Pornic kwenye pwani ya Atlantiki, huendesha vituo vyenye kizuizi na kadi kwa makubaliano na halmashauri, na baadhi yake ni kambi za zamani za manispaa zilizokuwa zimekufa. Wenye kambi za kulipia hawakushangilia habari hizi. Wanasema wao hulipa kodi, huajiri watu na hukaguliwa, kisha jirani anaruhusiwa kupokea wageni wale wale kwa bomba na wavu. Malalamiko yao yana uzito, hasa pale kituo kinapotoa umeme, bafu na bustani, maana hapo kimeshakuwa kambi kwa jina jingine.

Sasa tuangalie mahali palipoanza na wageni kabla ya shimo. Mwaka 2015, kaskazini mwa Scotland, barabara za pwani zilizokuwepo siku zote ziliunganishwa kwa jina moja la kibiashara, North Coast 500, mzunguko wa zaidi ya kilomita 800. Jina lilivuma, wageni wakaja, lakini sehemu kubwa ya njia hiyo ni nyembamba ya gari moja, yenye nafasi za kupishana. Magari-nyumba yakawa yanalala kwenye nafasi hizo, na kaseti zikamwagwa penye nyasi na vijito. Wengi walidhani sheria ya mwaka 2003 ya haki ya kutembea mashambani inawaruhusu, kumbe haihusu vyombo vya moto. Mwaka 2021 idara ya misitu ikaanza majaribio ya kuruhusu magari yenye choo chake kulala usiku mmoja katika baadhi ya maegesho yake. Hatua nzuri, ila ilikuja miaka sita baada ya tangazo.

New Zealand wao wamelikabili gari lenyewe. Sheria yao ya mwaka 2011, iliyopitishwa kabla ya Kombe la Dunia la raga, ilianza kwa kuruhusu kulala garini, na halmashauri ikitaka kukataza ijieleze. Mwaka 2023 waliikaza: anayetaka kulala ndani ya gari kwenye ardhi ya halmashauri kwa kawaida awe na gari lililothibitishwa kujitosheleza, lenye choo kilichofungwa humo moja kwa moja. Choo cha kubebeka kilichofichwa chini ya kitanda hakihesabiki tena.

Nije kwetu Afrika Mashariki, kwa ufupi, maana wageni wetu wa namna hii si wengi. Wapo wanaoshuka kutoka Ulaya na magari yao hadi Cape Town, na majina ya kambi kama Jungle Junction ya Nairobi na ile ya shamba la Kisolanza, kusini mwa Iringa, wanayajua kabla hawajayajua majina ya mawaziri wetu. Miaka michache iliyopita, katika nyumba ya wageni moja kando ya barabara kuu ya kusini, nilimwona mama mmoja mzungu akimuuliza mlinzi amwage wapi. Mlinzi, kwa ukarimu wote, akamwonyesha mtaro wa mvua. Mama akasita, akarudi na kaseti yake garini. Sijui aliimwaga wapi kesho yake.

Lakini wanaolala garini hapa kwetu wapo kila usiku: madereva wa malori. Pitia Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Makambako hadi Tunduma, au upande wa Kenya, Mariakani, Mtito Andei na Malaba. Wanalala kwenye kabini, wanaoga kwa ndoo, na choo ni suala la kuelewana na mwenye mgahawa. (Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2020, unamkataza dereva wa lori kupumzika ndani ya kabini mapumziko yake ya wiki ya saa 45, ilhali mstaafu analipia raha hiyo hiyo.) Kituo kitakachojengwa kwa ajili ya mgeni mmoja wa wiki hakitadumu. Kikijengwa kwa ajili ya madereva arobaini wa kila usiku, kikawekewa upande wake wa magari madogo, mgeni atajikuta anahudumiwa kwa gharama ya wavu mmoja wa ziada.

Pendekezo langu basi tusilianzishe kwenye uzio, geti na bango. Tuanzie kwenye karo la majitaka. Dawa ya buluu inayotiwa kwenye kaseti hutengenezwa ili kuzuia harufu, na zile za zamani zenye fomalini huua vijidudu vinavyofanya karo lifanye kazi. Mji wenye mtandao wa majitaka na mabwawa makubwa utaimeza dawa hiyo bila kuhisi, ila karo la nyumba ya wageni yenye vyumba kumi halitaimeza. Pasipo na mtandao, kaseti zipewe tangi lake lililozibwa, litakalonyonywa na gari la majitaka, lisiungane kabisa na karo la jengo.

Na mabomba yawe mawili, mbali mbali, hatua kumi si nyingi. La maji ya kunywa liwe juu, lenye mdomo wa kufungia mpira. La kusukutulia kaseti liwe chini, fupi, na mdomo wake usikubali mpira wowote, ili hata aliyefika usiku, amechoka, na asiyejua Kiswahili cha kwenye kibao, ashindwe kujaza tangi lake hapo.

Nakaribisha maswali.