Shamba Letu Wenyewe

Masomo: Wimbo Ulio Bora 1:6, Matendo ya Mitume 20:28, 2 Wakorintho 13:5

Leo tunataka kuzungumza hasa na wale waliopewa kazi ya kuongoza katika kanisa: wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama na wa vijana, walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa kwaya. Lakini msidhani tunawanyoshea wengine kidole. Tunaposema viongozi, tunajisema sisi wenyewe.

Katika Wimbo Ulio Bora yumo binti anayelalamika kwamba aliwekwa kulinda mashamba ya mizabibu ya wengine, lakini shamba lake mwenyewe hakulilinda. Maneno hayo ni machache, lakini yanamchoma mtumishi wa Mungu. Mtu aweza kushinda kutwa katika mashamba ya watu, akihubiri, akizika, akipatanisha na kukusanya michango, na huku magugu yameota mpaka mlangoni pake. Ndiyo sababu Mtume Paulo, alipoagana na wazee wa Efeso, hakuanza na kundi. Aliwaambia kwanza wajitunze nafsi zao, kisha kundi.

Je, sisi hujipima kwa kipimo gani? Mara nyingi hujipima kwa kitabu cha hesabu. Waliobatizwa ni wangapi? Sadaka imepanda au imeshuka? Jengo limefika wapi? Hayo ni mambo mema, wala hatuyadharau. Lakini acheni tuwasimulie habari yetu wenyewe.

Kanisa letu liko upande wa magharibi wa Nairobi, mahali ambapo mtu akivuka barabara moja tu huziacha nyumba zenye ua mpana na kuingia kwenye vyumba vya mabati vya Kawangware. Desemba 2007 tulifunga mwaka kwa furaha. Taarifa ilisomwa, nayo ilikuwa nzuri. Washirika walikuwa wameongezeka, na deni la paa lilikuwa limekwisha. Tulipiga makofi. Siku chache baadaye, tarehe 30 Desemba, matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa, na nchi ikawaka moto. Watu waliokuwa wakichota maji kwenye bomba moja walianza kuulizana majina ya baba zao.

Mzee mmoja wa baraza letu, ambaye hakuwa wa kabila la wengi wetu, alifukuzwa chumbani mwake pamoja na mkewe na watoto. Tulipata habari siku ile ile. Tulifanya nini? Tulimwombea. Tukamtuma kijana mmoja ampelekee unga na shilingi kidogo. Sisi wenyewe hatukwenda. Tulisema njia si salama, na kweli haikuwa salama. Lakini yule kijana alipita. Ukweli ni kwamba tuliogopa watu wa kwetu watatuonaje wakituona tunaingia kwa mzee yule.

Majuma mengi baadaye tulikutana naye. Hakutukemea. Alitupa mkono, akasema, "Unga ulifika, wazee wenzangu. Lakini mimi nilikuwa nikiwatazamia ninyi."

Ndugu msikilizaji, siku ile tulirudi kuisoma tena taarifa yetu ya Desemba. Hesabu zake zote zilikuwa za kweli. Lakini hapakuwa na mahali popote palipouliza kama tunapendana, wala kama Injili imeshuka chini kuliko kabila letu. Tulikuwa tumepima paa bila kuutazama msingi.

Hatukuwa peke yetu. Katika ghasia zile zaidi ya watu 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Mwezi Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilitoa tamko mbele ya nchi nzima. Viongozi wa makanisa walikiri kwamba walikuwa wameegemea upande, kwamba hawakusema kwa sauti moja, na kwamba kila mmoja alijitambulisha na watu wa kabila lake. Tuliposikia tamko hilo, hatukuweza kusema, "Wakubwa wamekosa." Tulijiona ndani yake.

Tarehe 28 Februari wanasiasa walitia sahihi mapatano yao pale Harambee House, katikati ya jiji. Lakini mapatano yetu sisi hayakuweza kutiwa sahihi na mtu mwingine. Tulikwenda, mmoja mmoja kisha pamoja, tukaketi katika chumba alichokuwa amehamia mzee wetu, tukaungama bila kutaja hali ya barabara. Alitusamehe. Alirudi kanisani, lakini kwenye baraza hakurudi tena. Twalisema hili ili msidhani kwamba toba hurudisha kila kitu mahali pake. Dhambi ya kiongozi husamehewa, lakini kovu hubaki kutufundisha.

Tena, jambo hili si geni katika nchi zetu. Wazee wetu wa Uamsho walilijua. Blasio Kigozi, Mganda aliyetumika Gahini katika nchi ya Rwanda, alikuwa na maswali matatu aliyotaka kuwauliza viongozi wa kanisa. Kwa nini kanisa limepoa? Kwa nini watu wanaoishi katika dhambi ya wazi wanakaribishwa kwenye meza ya Bwana? Na tufanye nini ili tuamke? Alikufa Januari 1936 kabla ya kuyauliza mwenyewe, lakini maswali yake hayakuzikwa pamoja naye. Mwaka 1937 ndugu wa Uamsho walikuja hapa hapa kwetu, Kabete, na moto ule ukaanza kuenea Kenya. Ndugu wale hawakuanza kwa kuwahesabu waliookoka. Walianza kwa kutembea nuruni: mtu alisimama mbele ya wenzake akasema alipokosea, akarudisha alichoiba, akamwomba msamaha mkewe. Hata mchungaji aliungama, hata mmisionari. Tunaoimba Tukutendereza mpaka leo tujiulize kama tumerithi wimbo tu bila ile nuru.

Basi tujipimeje? Tunawapa maswali matatu ambayo sisi hujiuliza kila mwisho wa mwaka, kabla taarifa ya hesabu haijasomwa.

Swali la kwanza: Nyumbani mwetu wanasemaje? Mwulize mkeo au mumeo, waulize watoto wako: "Je, yule mnayemsikia madhabahuni ndiye mnayeishi naye?" Kisha nyamaza usikilize. Usijitetee. Jibu la mezani nyumbani lina uzito kuliko sifa za mlangoni mwa kanisa.

Swali la pili: Ni nani aliye na ruhusa ya kutuambia tumekosa? Mfalme Daudi alikuwa na Nathani. Kiongozi asiye na Nathani yuko hatarini, hata kama hajaanguka bado. Mwezi Juni 2024 vijana wa nchi hii waliyauliza makanisa kwa nini mimbari zimegeuzwa majukwaa ya wanasiasa na fedha zao. Wengi wetu tulitaka kuwajibu kwa haraka kwamba vijana hawana adabu. Lakini je, kama Mungu alikuwa amewatuma? Nathani si lazima awe mzee mwenye mvi.

Swali la tatu: Je, sala zetu ni zetu, au ni za kazi tu? Mtumishi aweza kufungua Biblia kila siku kutafuta mahubiri, na asiifungue hata siku moja kutafuta chakula chake mwenyewe. Mpishi anayeonja tu bila kula atakonda jikoni mwake. Ukiona unamkumbuka Mungu siku ya zamu yako pekee, shamba lako limeanza kuota magugu.

Lakini jihadharini pia na upande wa pili. Wako watumishi wanaojichunguza mpaka wakakata tamaa, wakaacha kazi. Huko si kujipima, ni kujihukumu. Mkulima wa Dagoretti anapopalilia hang'oi mahindi. Anang'oa magugu ili mahindi yapate hewa. Mwandishi wa Zaburi ya 139 hakujichunguza peke yake gizani. Alimwomba Mungu amchunguze, kisha amwongoze. Anayetuchunguza ndiye aliyetufia. Kwa hiyo twaweza kumfungulia mlango wa kila chumba bila hofu.

Juma hili, ndugu mpendwa, fanya jambo moja. Mtafute mtu mmoja uliyemtumia unga badala ya kwenda mwenyewe. Pengine ni mjane wa jumuiya yenu, au mtumishi mwenzako mliyekosana naye barazani, au kijana aliyeacha kuja. Usimpigie simu tu. Nenda. Panda gari, au tembea kwa miguu, ubishe hodi.

Tuombe. Ee Bwana, umetuweka tulinde mashamba yako, nasi tumeliacha la kwetu. Tuchunguze, uzijue njia zetu. Ondoa ndani yetu kiburi cha cheo na hofu ya watu. Utupe ndugu wa kutuambia ukweli, na masikio ya kuwasikia. Tukuze, hata watu wanaotutazamia watuone tukija. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.