Padri Stefano Kaoze, Mwalimu Wetu
(Maneno ya mkatekista mbele ya walimu na wazazi, Kindu)



Nimeombwa niseme juu ya mwalimu mkubwa. Nadhani wengi mnangoja nitaje mmisionari mwenye ndevu ndefu. Hao nao tunawashukuru. Lakini leo nitamtaja mtoto wa nchi hii, Padri Stefano Kaoze.

Alizaliwa karibu na mwaka 1886 katika nchi ya Marungu, upande wa ziwa Tanganika, kwa Watabwa. Alisoma kwa Mapadri Weupe, na masomo yake yalikuwa ya miaka mingi. Tarehe 21 Julai 1917 Monsinyori Roelens alimpa daraja takatifu ya upadri kule Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo. Alikuwa padri wa kwanza wa Kongo yetu katika nyakati hizi. Nasema nyakati hizi, maana ufalme wa zamani wa Kongo ulikuwa na mapadri wake, hata askofu, katika karne ya kumi na sita.

Lakini kinachonishika zaidi ni jambo la kabla ya upadri. Mwaka 1910, akiwa bado mseminari, maandiko yake juu ya fikira za Wabantu yalianza kutolewa katika gazeti moja la Ubelgiji kwa lugha ya Kifaransa. Kumbukeni wakati ule: Kongo ilikuwa imetoka mikononi mwa mfalme Leopold mwaka 1908 tu, na wazungu wengi walikuwa bado wakibishana kama mtu mweusi ana akili kamili. Kaoze hakupiga kelele. Alishika kalamu, akaeleza akili, nia na desturi za watu wake. Tena aliandika habari za kale za nchi yake, ambazo wazee walizihifadhi kwa mdomo.

Basi yeye aliyejua Kilatini hakuona haya kuketi miguuni pa mzee asiyejua kusoma. Sisi tuliopita katika seminari ndogo tunajua kishawishi chake. Mimi nilirudi likizo na maneno machache ya Kilatini, nikaanza kumfundisha mama aliyemzaa baba yangu kama mtoto mdogo. Alicheka, akaniuliza jina la mti uliokuwa mbele ya nyumba, katika lugha yetu. Nikanyamaza.

Padri Kaoze alifundisha katika seminari ndogo ya Lusaka (siyo mji wa Zambia, ni Lusaka ya kwetu), halafu akafanya kazi Nyunzu, misioni iliyokabidhiwa mapadri weusi. Wasafiri wa reli wanaijua Nyunzu, kati ya Kabalo na Kalemie. Baada ya Vita Kuu ya pili aliketi pia katika Baraza la Serikali ya koloni. Alifariki mwaka 1951. Hakuuona uhuru wa 1960, wala majimbo yetu yaliyosimikwa rasmi mwaka 1959. Lakini alikuwa amewafundisha vijana, nao wakawafundisha wengine. Mwalimu wetu wa Kilatini, ambaye hakupata kumwona, alitutajia jina hilo kila tulipolalamika kwamba somo ni gumu. Nami leo nawatajia watoto wa katekismu.

Sasa niseme neno linaloniuma. Wengine hupenda mifano ya watu wakubwa ili wamnyamazishe mwalimu mwenye njaa. Nawaomba msimtumie Kaoze hivyo. Yeye alikuwa na meza ya misioni. Mwalimu wa leo ana watoto sita na sufuria moja. Tangu 2019 serikali imetangaza masomo ya shule ya msingi kuwa ya bure, na wazazi wengi wakadhani kwamba mwalimu pia anaishi bure. Nimewaona wenzangu wakiacha chaki ili wabebe watu kwa pikipiki, au waende machimboni. Hata mimi niliwahi kufunga mfuko wangu usiku mmoja. Asubuhi watoto walikuwa wamekwisha kuketi kwenye mabenchi, nikaona haya, nikaufungua.

Ndiyo maana naomba kila shirika, wakati wa mavuno ya mpunga, litenge kapu moja kwa ajili ya walimu wake. Wakubwa wa mashirika watabaki hapa baada ya Misa ili tupange nani ataanza.