Nafasi ni Bure, Njia Hulipiwa
Hotuba ya Afisa Maendeleo ya Jamii katika mkutano wa hadhara wa kata



Nimeombwa nizungumzie ajira. Nafasi zinazotangazwa mnazisoma wenyewe ubaoni. Mimi nitazungumzia gharama ambazo aghalabu hazionekani mpaka safari ya kuomba kazi imeanza.

Hivi karibuni binti mmoja wa kata hii, mhitimu wa stashahada ya uuguzi, alinionyesha daftari ambamo ameandika kila shilingi aliyoitumia kwa ombi moja la kazi. Kuomba kazi serikalini kupitia mfumo wa Ajira Portal hakuna ada. Hata hivyo, ukurasa wa daftari lile ulijaa: nauli ya bodaboda hadi mjini penye intaneti, malipo ya kuskani vyeti, wakili wa kuthibitisha nakala, ada ya leseni ya taaluma, na nauli nyingine kwa kuwa siku ya kwanza mtandao ulikatika.

Kisha akaitwa kwenye usaili. Matangazo ya usaili huelekeza kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi, na afike na vyeti vyake halisi. Kwa anayeishi jirani na kituo cha usaili, hiyo ni nauli ya daladala. Kwa anayetoka kwetu, ni safari ya basi ya siku nzima na malazi ya gesti; na akifaulu mtihani wa mchujo, hulazimika kusubiri usaili wa mahojiano. Mama yake aliuza mbuzi wawili, binti akafika. Mwenzake waliyesoma naye darasa moja aliitwa siku hiyo hiyo. Kwao hapakuwa na mbuzi wa kuuza, akabaki nyumbani. Hakuna aliyepima ujuzi wake.

Ndugu wananchi, kikwazo kingine huanzia mikononi mwetu wazazi. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Yusufu, cha kidato cha nne Yusuph, na kitambulisho cha Taifa Yusuf. Mtoto hugundua tofauti hiyo siku chache kabla ya usaili, ndipo aanze kumtafuta wakili amtengenezee hati ya kurekebisha majina. Nawasihi, yakagueni majina ya watoto kabla hawajasajiliwa kwa mitihani ya Taifa. Dakika chache kwa mwalimu mkuu zitamwokolea mwanao fedha na, pengine, kazi yenyewe.

Wapo pia wanaoifanya shida ya vijana kuwa biashara. Mtu akidai fedha ya fomu, ya sare au ya "kulisogeza jina", msimpe. Mkataba Na. 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani umeweka msingi kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze ada mtafuta kazi. Malipo halali ya serikali huwa na namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi. Yasiyo na hivyo yatilieni shaka. Na binti anayedaiwa mwili wake ili apewe kazi ajue kwamba rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Apige simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa vikundi vya kuweka na kukopa. Vingi vina mfuko wa jamii wa kusaidiana katika msiba na maradhi. Naomba mwanya huo upanuliwe, ili mtoto wa mwanachama akiitwa kwenye usaili akopeshwe nauli bila riba. Tumezoea kuchangia harusi hata za majirani wa mbali. Nauli ya usaili ni ndogo kuliko mchango wa ukumbi, na matunda yake huweza kuilisha nyumba nzima.

La pili ni kwa vijana. Msingoje tangazo ndipo mtafute nyaraka. Kwa idhini ya Mtendaji wa Kata, kila Alhamisi kuanzia saa 3 asubuhi ofisi yetu itawapokea wanaotaka kukaguliwa vyeti na kusaidiwa kujisajili katika mfumo, bila malipo yoyote. Njooni mapema, na mje na wazazi wenu, maana mengi ya kurekebisha wao ndio wanaoyajua.

Hatuna uwezo wa kumpa kila kijana kazi. Tunao uwezo wa kuhakikisha kwamba hakuna kijana wa kata hii atakayekosa hata kusailiwa kwa sababu ya nauli au herufi moja ya jina.