Je, Anautaka Urais Kweli?

(Mazungumzo ya mwalimu mmoja wa kisomo na wanakisomo wa Katoro, Geita)



Juzi gulioni niliwakuta wazee na vijana wanabishana juu ya mwanasiasa mmoja maarufu. Huyu anasema, "Yule anautaka urais kweli." Mwingine anasema, "Wapi! Anatafuta jina tu." Leo tulizungumze jambo hilo.

Mnamkumbuka marehemu Bwana Augustine Mrema? Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Alipotoa amri alisema: nawapa siku saba. Watu walimpenda sana. Mwaka 1995 alitoka CCM, akaingia NCCR-Mageuzi, akagombea urais. Watu walikuwa wakilisukuma gari lake kwa mikono.

Wakati huo mimi nilikuwa Mwanza. Nami nilisukuma, mpaka ndara ikakatika. Lakini siku ya kura nilibaki nyumbani. Kwa nini? Sikuwa nimejiandikisha. Niliona foleni ni ndefu. Gari niliweza kulisukuma, lakini kusimama kwenye foleni kulinishinda.

Sasa tazameni hesabu. Katika kila kura 100, Bwana Benjamin Mkapa alipata karibu 62. Mrema alipata karibu 28. Mwaka 2000 aligombea tena kwa chama cha TLP, akapata karibu 8. Mwaka 2005 aligombea mara ya tatu, hakufikisha hata moja.

Je, aliutaka urais? Aliutaka. Mtu asiyetaka hagombei mara tatu. Lakini watu kujaa barabarani si kura, na kutaka si kupata.

Mfano wa pili ni wa jirani yetu wa Chato, marehemu John Magufuli. Mwaka 2015 wanachama 42 wa CCM walichukua fomu za kuomba urais. Wengine walitangaza nia mbele ya umati mkubwa. Magufuli alichukua fomu yake bila makeke. Wengi hawakumdhania. Lakini ndiye aliyeteuliwa. Akashinda kwa kura 58 katika kila 100, akawa Rais mpaka alipofariki Machi 2021.

Basi mnaona. Mwenye shangwe aliutaka, na aliyekwenda kimya aliutaka vilevile. Moyo wa mtu hatuuoni. Tukibishana juu ya moyo wake, jua litatuchwea bure.

Mwalimu Nyerere mwaka 1995 aliwaonya wanaokimbilia Ikulu. Alieleza kuwa Ikulu ni mzigo, si mahali pa biashara. Kwa hiyo swali letu si kama mtu anautaka urais. Swali ni hili: anautakia nini?

Akija hapa Katoro, tumuulize. Mkulima wa pamba utamfanyia nini? Mchimbaji mdogo wa dhahabu je? Fedha utazitoa wapi? Na ile kazi uliyopewa zamani, uliifanyaje?

Akiondoka, tusome ilani ya chama chake. Zamani tulisomewa, tukaambiwa yale tu msomaji aliyoyapenda. Siku hizi tunasoma wenyewe. Aliyoahidi tuyaandike kwenye daftari, ili baada ya miaka mitano tumkumbushe.

Na la mwisho, ndugu zangu: jiandikisheni. Msifanye kama mimi, niliyechoka kwa kusukuma gari, nikakosa kupiga kura.