Jaji na Hukumu ya Kifo

Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize.

Haya, watu wawili wameonekana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Mmoja alinoa panga, akamvizia jirani yake usiku ili amnyang'anye ng'ombe. Wa pili ni kijana, mdogo wake, aliyeambiwa alinde njia. Sheria humhesabu naye muuaji. Je, adhabu yao iwe moja?

Sheria tulizorithi kwa Waingereza zilijibu: ndiyo, wote wanyongwe. Jaji hakuruhusiwa kupima. Waingereza wenyewe waliacha kunyonga wauaji mwaka 1965!

Nchini Uganda wafungwa zaidi ya 400 waliokuwa wakingoja kitanzi walipeleka shauri mahakamani. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jaji asifungwe mikono. Angalieni sana: hukumu ya kifo haikufutwa, kilichofutwa ni ulazima wake. Mahakama ya Juu ya Kenya ikaamua vivyo hivyo mwaka 2017. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ilisema ulazima huo katika sheria ya Tanzania unavunja haki ya kuishi.

Bibi Kigula alisikilizwa upya, akapewa kifungo cha miaka 20. Mwaka 2016 alitoka gerezani, akiwa amesomea sheria humo humo.

Sasa, kabla hamjafungua madaftari, zungumzeni: kwa yule kijana, jaji aulize mambo gani?