HESHIMA YA MWALIMU SALAH FARAH
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka wa Chama, Sericho



Mmekwisha kusikia hesabu za mwaka. Sasa twaomba masikio yenu kwa dakika chache, tumtaje mtu ambaye hakupata kulipa ada katika Chama hiki, walakini alitoa kilicho kikubwa kuliko ada.

Tangu Oktoba 2011, jeshi la Kenya lilipoingia Somalia kupigana na Al-Shabaab, vita vilitufikia sisi watu wa kaskazini kwa njia ya barabara. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa. Wasiokuwa Waislamu walitengwa na wenzao, na watu 28 wakauawa. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda makwao likizoni. Mwaka 2015 ulipoanza, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi, nasi hatuwezi kuwalaumu. Waliopata hasara ni watoto wetu.

Basi tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa kwa risasi. Ndani yake mlikuwa na abiria zaidi ya 60. Wenye bunduki waliwaamuru Waislamu wakae upande mmoja na Wakristo upande wa pili. Kila mtu alijua maana ya amri hiyo, kwa kuwa yaliyotokea mwaka uliotangulia hayakusahauliwa. Waislamu walikataa. Akina mama walitoa mitandio yao wakawafunika wanawake Wakristo, kisha wakawaambia wale watu: tuueni sote, au tuacheni sote.

Mwalimu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera, alikuwa mmoja wa waliokataa. Alipigwa risasi. Akiwa kitandani hospitalini alisema kwamba watu wote ni ndugu, na kwamba Waislamu wawalinde Wakristo ili nao walindwe. Alifariki Nairobi Januari 2016, baada ya kuuguza majeraha karibu mwezi mzima, akaacha mjane na watoto. Mwaka huohuo Serikali ilimtunukia nishani ya O.G.W. Kisa cha basi hilo kilitengenezewa filamu iitwayo Watu Wote, ya mwaka 2017, ambayo ilifika hata kushindania tuzo ya Oscar huko Marekani mwaka 2018.

Ndugu wanachama, pengine mtauliza: ya Mandera yatuhusu nini sisi wa Sericho? Waulizeni wazee waliokaa hapa mbele. Katika vita vya shifta, tangu 1963 hata 1967, watu wa Waso walihesabiwa kuwa adui kwa sura zao na kwa kabila lao. Walikusanywa katika kambi za Garba Tula, Merti na Modogashe, na mifugo yao ikaangamia. Wakati huo Waborana wauita Daaba. Watu ambao wazazi wao walitengwa kwa sura hawana udhuru wa kumtenga mtu mwingine.

Kuna jambo moja tena la kuangaliwa. Ushujaa wa Salah Farah haukuwa wa mtu mmoja peke yake. Ulimi mmoja tu ungalitosha kuwasaliti wale waliofunikwa mitandio. Mtandio ni kitu cha shilingi chache, na kunyamaza hakugharimu hata senti. Lakini siku ile vilinunua uhai wa watu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kwa hiyo, yatupasa kumheshimu kwa matendo, wala si kwa makofi. Kwanza, mwalimu, muuguzi au fundi atokaye mbali akaja kufanya kazi Sericho, awe mgeni wa kila nyumba, wala asiulizwe dini yake kabla hajapewa chai. Pili, tuwafundishe vijana wetu neno la kujibu siku watakapoulizwa ni nani aliye wa kwetu na ni nani asiye wa kwetu: wajibu kwamba wote ni wa kwetu. Tatu, tukumbuke kwamba nishani haipiki uji. Mtu akifa kwa ajili ya wenzake, karo na chakula cha watoto wake ni deni la waliobaki. Chama cha kusaidiana kisichojua deni hilo hakistahili jina lake.

Barabara itokayo hapa kwenda Garba Tula na Isiolo ni yetu sote, na kila mmoja wetu husafiri humo. Hatujui ni siku gani tutaamriwa kugawanyika. Yafaa tukubaliane leo, tukiwa tumeketi kwa amani, jibu letu litakuwa lipi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwalimu Salah Farah, na awatunze watoto wake.