Khalid baada ya mizinga

Msikilizaji, mashindano ya chemshabongo hayakosi swali hili: vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa wapi? Unguja, tarehe 27 Agosti 1896. Saa tatu na dakika mbili asubuhi manowari za Waingereza zilianza kulipiga kasri, na kabla ya saa nne Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, alikwisha kukimbia. Mshindi hupigiwa makofi, watu hucheka, swali linalofuata. Kicheko hicho kinanikera. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa asubuhi ile, na yeye mwenyewe aliishi miaka zaidi ya 30 baada yake.

Alijificha katika ubalozi mdogo wa Ujerumani. Nje Waingereza wakimvizia: akikanyaga tu ardhi ya Unguja, wamkamate. Wajerumani wakangoja bamvua la mwezi Oktoba, maji yakajaa hadi kwenye lango la bustani, Khalid akaingia mashuani moja kwa moja bila kugusa mchanga. Ujanja wa watu wa pwani, ingawa safari hii uliwajia Wazungu! Akapelekwa Dar es Salaam, akakaa humo miaka mingi.

Waingereza hawakusahau. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walipokuwa wakipigana na Wajerumani, walimkamata wakamhamishia visiwa vya mbali: Saint Helena, alikofia Napoleon, na Shelisheli, alikofia Kabaka Mwanga wa Buganda mwaka 1903. Mfalme Kabalega wa Bunyoro naye alifungiwa Shelisheli. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923, alifia Jinja, kwao hajafika.

Nadhani Khalid alitiwa tamaa na kisa cha baba yake. Barghash naye aliasi, mwaka 1859, akapelekwa uhamishoni Bombay. Akarudi, na mwaka 1870 akakalia kiti cha usultani. Basi mwanawe angekosaje kujaribu? Ila Barghash alishindana na nduguye Majid. Khalid alishindana na dola lililokwisha kuamua nani atawale Unguja.

Hatimaye Khalid aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Mwambao ule, kisheria, ulikuwa bado milki ya Sultani wa Unguja, na Waingereza wakiulipia kodi kila mwaka. Kodi yenyewe ilikuwa ikipokelewa na Khalifa bin Harub, Sultani wa wakati huo.